Shangazi, naweza kwenda Mafia peke yangu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 29, sijaolewa. Tukifunga shule Desemba nataka kwenda Mafia siku tatu, peke yangu, hela nimeiweka kidogo kidogo tangu mwaka jana. Mama amekataa kabisa, anasema mwanamke akienda kisiwani peke yake watu watamfikiria vibaya. Na mi mwenyewe kuogelea sijui vizuri na boti sijawahi kupanda. Niende au niache? Na siku tatu zinatosha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Mi nilienda peke yangu nikiwa na umri kama huo wako na nimesharudi mara mbili, kwa hiyo nakwambia kitu ninachokijua.

Kwanza hizo siku. Siku tatu zinatosha kama ni tatu za kisiwani, sio tatu za kutoka Moro mpaka kurudi Moro. Kwa ndege ndogo kutoka Dar ni nusu saa hivi, ila kwa hela ya kudunduliza najua utaenda kwa maji, yaani unalala Dar, asubuhi mapema unapanda basi la Nyamisati pale Mbagala Rangi Tatu, halafu unavuka kwa boti au kile kivuko cha serikali, MV Kilindoni. Ulizia saa ya kuondoka siku moja kabla maana muda unafuata maji. Na hapo ujue uko kwenye delta ya Rufiji, mikoko mitupu, humo ndimo Wajerumani walimoficha manowari yao Königsberg, Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915 wakawa wanarusha ndege kutoka kisiwani kwenda kuisaka mpaka ikapigwa Julai mwaka huo huo. We mwalimu, shika hiyo ukawasimulie watoto.

Sasa weka na siku moja ya akiba, hili nakusisitiza sana. Safari yangu ya kwanza nilienda mwezi wa nane, kusi linavuma haswa, nikapanga kurudi Jumapili niwahi kazi Jumatatu, Jumapili boti haikutoka, Jumatatu haikutoka, hela imeisha na kazini simu hazikatiki. Aliyenisaidia ni mama ntilie mmoja pale Kilindoni, mji wa Mafia boti zinapofikia, alinilisha kwa mkopo siku mbili, na alinikopesha kwa sababu tangu nafika kila asubuhi nilikuwa napita kwake namsalimia, nakaa, tunaongea. Desemba bahari huwa na nafuu kuliko kipindi cha kusi, lakini upepo hauna ratiba, usipange kurudi siku ya mwisho ya likizo.

Hapo ndipo nakuja kwa mama yako. Mama hajakosea kuogopa, ila watu wa Mafia sivyo walivyo. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "umekuja kwa nani?" na hawakuchunguzi, ndivyo wanavyomweka mgeni mahali pake. Jibu kawaida tu, nimekuja kutembea, nimefikia gesti fulani, mi mwalimu. Kesho yake nusu ya Kilindoni wanakuita mwalimu na ukipotea njia mtoto anakupeleka mpaka mlangoni. Wengi ni Waislamu, kwa hiyo beba khanga zako mbili na gauni refu, hata baharini ingia na suruali na tisheti.

Papa potwe utawakuta, msimu wao ni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili wa tatu hivi, na wanakuja karibu kabisa na Kilindoni. Watafiti waliwafunga vifaa vya kuwafuatilia wakagundua wengi hata msimu ukiisha hawaondoki, wanahamia tu maji ya kina kirefu. Usiogope hilo jina papa, ni samaki mkubwa kuliko basi dogo lakini anachuja vidudu vidogo vidogo vya majini, mtu hamli. Kwa kuwa kuogelea hujui, vaa laifu jaketi kuanzia ufukweni na ubaki botini, wanakula juu juu utawaona vizuri tu, na nahodha akikwambia ruka umguse kataa, kumgusa hairuhusiwi. Kitu kinachomuumiza msafiri wa peke yake ni bei, boti inakodiwa nzima, kwa hiyo jioni ile ile unayofika ulizia kama kuna kundi linalotoka asubuhi mchangie.

Ila ungeniuliza siku yangu ninayoikumbuka zaidi ningekwambia Chole, kisiwa kidogo pembeni ya Mafia. Unachukua bodaboda mpaka Utende, pale unaingia eneo la hifadhi ya bahari kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA ulipe kiingilio cha Mtanzania, halafu unavuka kwa mashua dakika chache tu. Hakuna magari. Kuna magofu ya enzi za Wajerumani, mizizi ya miti imekumbatia kuta mpaka hujui kipi kinamshikilia mwenzake, na kuna popo wakubwa wa kula matunda wamening'inia mtini mchana kweupe. Mi nilikaa chini ya mti ule masaa mawili bila kuongea na mtu na sijui mara ya mwisho nilipumzika vile ilikuwa lini. Ukiwa na nguvu unganisha na kisiwa jirani cha Juani ukaone mji wa Kua ulioachwa miaka ya 1800 mwanzoni, ila muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, yakishapwa mtakwama kwenye mikoko.

Hela beba mkononi ya kutosha, usitegemee simu peke yake. Mpe mama namba ya gesti kabla hujaondoka, na ukishuka tu Kilindoni mpigie hata kabla hujala.