Misuli ya kifua upande mmoja haipo: mazoezi hayataijaza

Dada, umeuliza kama kunyanyua vyuma kutajaza kifua cha kulia cha mwanao wa miaka 16, kilichokuwa bapa tangu utotoni. Kwanza mwambie aweke mikono kiunoni na kubana kwa nguvu. Ule mkunjo wa mbele ya kwapa ukijitokeza kushoto tu, huenda sehemu ya msuli mkubwa wa kifua haikuumbika. Msuli usiokuwepo haukuzwi kwa mazoezi, kwa hiyo asijilaumu hata kidogo.

Tazama pia mkono wa upande huohuo: vidole vifupi au vilivyoungana huambatana na hali iitwayo sindromu ya Poland, kwa jina la Alfred Poland aliyeieleza London mwaka 1841. Wengi wenye hali hii hufanya kazi zao vizuri, maana misuli mingine ya bega husaidia.

Hata hivyo mpeleke kwa daktari, akague na mbavu. Na akipigwa eksirei ya kifua, mtoe taarifa mapema: upande usio na msuli huonekana mweusi zaidi, ukadhaniwa ni ugonjwa wa pafu. Upasuaji wa kurekebisha umbo upo, akitaka mwenyewe.