Muonyesheni kwanza choo kiko wapi

Mhariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii limenigusa sana, mmeuliza hizi siku za orientesheni ambazo wanafunzi wapya wanaitwa shule kabla mwaka wa masomo haujaanza, je zina maana yoyote au ni kupotezeana muda tu? Mi jibu langu ni kwamba zina maana kubwa na mtu asithubutu kuzifuta, ila shule nyingi zinazitumia vibaya, na haya nayasema kama mzazi ambaye yamenikuta.

Mwanangu wa pili alipoanza sekondari tuliitwa siku mbili kabla ya masomo kuanza. Tukakaa ukumbini toka asubuhi, akasimama mkuu wa shule, akaja mwalimu wa taaluma, akaja wa nidhamu, wa michezo, mhasibu, kila mmoja na karatasi zake mkononi, sheria zikasomwa moja baada ya nyingine mpaka mtoto akaanza kusinzia begani kwangu. Baadae tukazungushwa majengo haraka haraka, kundi moja kubwa wazazi na watoto wote pamoja, sisi tuliokuwa nyuma hata sauti ya mwalimu hatuisikii, tukapewa bahasha ya makaratasi tukarudi nyumbani, na mi nikawa na amani kabisa kwamba mtoto kaandaliwa.

Masomo yalipoanza nikawa naona kitu ambacho sikielewi. Kila akirudi chupa yake ya maji imejaa vilevile kama nilivyoijaza asubuhi, na akifika mlangoni hasalimii mtu, begi liko mgongoni bado, anakimbilia chooni. Siku ya kwanza nikachukulia kawaida, ya pili pia, siku ya nne nikamkalisha nikamuuliza taratibu tukiwa wawili tu. Kumbe hajui vyoo vya wavulana viko wapi! Alijaribu mlango mmoja akakuta ni vya walimu, akafokewa mbele ya wenzake, toka hapo akaamua bora asinywe maji kabisa mchana kutwa ili asibanwe. Yaani mtoto wa miaka 13 anashinda na kiu anasoma hesabu na kiu, kwa sababu anaona aibu kuuliza. Nililia siku ile, siwafichi.

Na huyo mtoto orientesheni alihudhuria, jina lake liko kwenye daftari la mahudhurio. Choo kilitajwa? Inawezekana kilitajwa, katikati ya mambo mengine hamsini. Kuna mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kumbukumbu kwa kukariri silabi zisizo na maana, matokeo yake akayatoa mwaka 1885, akaonyesha kwamba ndani ya saa moja tu zaidi ya nusu ya alichokariri kimeshapotea na kesho yake anabaki na kama theluthi moja. Sasa sheria za shule kwa mtoto ambaye hajawahi kukaa kwenye shule hiyo hata siku moja zina tofauti gani na zile silabi, manake hajaona bado zinagusa wapi kwenye maisha yake. Unamwambia kengele ya tatu maana yake ni hii, wakati hata ya kwanza hajaisikia.

Siwalaumu walimu, najua wanapewa siku moja na wanaambiwa hakikisheni kila kitu kimesemwa, mtoto akikosea mbeleni asije akasema hakuambiwa. Lakini hapo ndo penye tatizo lenyewe, siku inapangwa ili shule iwe imesema, haipangwi ili mtoto awe ameelewa.

Mi ningependa siku hiyo watoto watembee. Wagawanywe vikundi vidogo vya sita au saba, waongozwe na mwanafunzi aliyeanza mwaka jana tu, sio kiranja mkubwa anayekaribia kumaliza, huyo wa mwaka jana bado anakumbuka alipotea wapi na atawaambia vitu ambavyo mwalimu hawezi hata kuviwaza, kwamba ngazi za upande huu muda wa mapumziko zinajaa, kwamba mwalimu fulani ni mkali wa sauti tu ila ukimfuata anakusaidia. Wapewe ratiba ya kweli, wajitafutie wenyewe madarasa matatu, wakipotea wapotee siku hiyo ambapo hakuna wa kuwacheka. Kengele ipigwe waisikie. Mlango wa choo waushike kwa mkono. Na kila mtoto aondoke anamjua mtu mzima mmoja kwa sura na jina ambaye akikwama anamfuata, awe mwalimu, awe mtu wa maktaba, yeyote ilimradi na yeye anamjua mtoto kwa jina. Hizo sheria ziandikwe wapewe wazazi wakasome nyumbani, tunajua kusoma.

Kuna mtu atasema aah watoto watazoea tu, sisi mbona tulizoea. Ni kweli wanazoea, ila katikati hapo kuna mtoto anajiambia hapa sio mahali pangu, na akishajiambia hivyo hata darasani hanyooshi mkono. Kuna utafiti mmoja mzuri sana wa wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen wa Marekani, ulitoka mwaka 2011, waliwachukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni kwa muda wa kama saa moja hivi wakawasomesha maneno ya waliowatangulia, kwamba na sisi tulipofika tulijiona hatufai, tukaogopa, na baadae hali ikapita. Basi, ni hivyo tu. Wale wanafunzi weusi waliopitia hiyo saa moja, alama zao zilipanda kwa miaka mitatu iliyofuata na pengo kati yao na wenzao weupe likapungua kwa nusu. Saa moja jamani! Hicho ndicho ambacho mwanangu hakukipata pale ukumbini, mtu wa kumwambia hata mimi niliogopa kuuliza.

Alafu isiishie siku hiyo moja. Chuo Kikuu cha South Carolina huko Marekani mwaka 1970 kilikuwa na vurugu za wanafunzi mpaka rais wa chuo Thomas Jones akazingirwa ofisini kwake, na yeye badala ya kukaza kamba, mwaka 1972 akaanzisha kozi ya wanafunzi wapya inaitwa University 101, inachukua muhula mzima, na mpaka leo ipo. Shule ya kawaida haiwezi muhula mzima naelewa, lakini kuwarudisha wale watoto kwenye vikundi vyao baada ya wiki tatu, nusu saa tu, mkawauliza nini bado hamjakijua, hilo linawezekana. Wiki ya tatu ndo mtoto anakuwa na maswali ya maana, siku ya kwanza hata hajui aulize nini.

Kwa wazazi wenzangu, mkishafika msiwajibie watoto. Nilimjibia mwanangu kila alichoulizwa siku ile, jina, darasa, anapenda nini, na sasa naona nilimnyima nafasi ya kufungua mdomo pale kwa mara ya kwanza nikiwa pembeni yake.

La mwisho ni kwa shule, kuhusu wale wanaohamia katikati ya mwaka. Hao hawana orientesheni yoyote, anafika Jumatano anaonyeshwa dawati anakaa, wenzake wote wana marafiki tayari. Mpangieni hata mwanafunzi mmoja wa kutembea nae wiki nzima, na akabidhiwe huyo mwenzake asubuhi pale getini, kabla hajaingia darasani.