Barua kwa mwanangu: mfundishe mumeo maneno ya kwetu

Mwanangu mpendwa,

Huku Mbagala sote hatujambo. Umeniuliza kwa nini shangazi yako aliwaambia "nakuja" kwenye simu, kisha akaondoka, mumeo akabaki anamsubiri. Mkwe wangu hana kosa, Kiswahili chake cha darasani ni kizuri. Ila Dar neno hilo husemwa na anayetoka. Nakuja: naondoka, nikipata nafasi nitarudi. Siku ile shangazi yako alikuwa amekwenda zake Kariakoo.

Na kwa kuwa mnafika Desemba, mfundishe na haya mapema.

"Nipo njiani" maana yake bado naoga. Mtu akisema "nimeshafika Tazara", sikilizeni kilicho nyuma ya sauti yake. Honi zikilia, mwaminini. Mkisikia maji yanamwagika kwenye beseni, kunyweni chai kwanza. "Dakika mbili" ni muda wowote usiozidi swala moja hadi nyingine. "Tutaangalia" ni hapana. "Njoo kesho" ya fundi cherehani ni kwamba kitambaa hakijakatwa.

Mumeo asije akaona watu wetu ni waongo, hilo litaniuma. Kwetu kumkatalia mtu usoni ni kumvunjia heshima, basi tunampa neno la kuondoka nalo. Mwambie vizuri, maana kwao hapana ni hapana na hakuna anayenuna.

Kwenye hela ndiyo usiseme! Aliyeishiwa hasemi sina, husema nimefulia, au nimechacha. Jero ni shilingi 500, buku ni 1,000. Msimbazi ni noti ya 10,000, kwa wekundu wake, maana Wekundu wa Msimbazi ni Simba (baba yako, Yanga damu, hataki kulitamka hata akiwa nazo kumi mfukoni). Chenji ni pesa yako ambayo muuzaji hana. Atembee na noti za buku buku.

Daladala mwenyewe unazijua. Mweleze tu kwamba jina limetokana na dala, yaani shilingi tano, iliyokuwa nauli wakati mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983. Konda akiita "siti zipo!" ana maana ya nafasi ya mguu mmoja, mlangoni. Dereva ni suka, kwa sababu ya usukani.

Akisikia njaa jioni aagize zege. Asishtuke, hatapewa saruji, ni chipsi mayai. Mwambie asimame pale kwenye jiko la mkaa aangalie: viazi vikishaiva vinarudishwa kwenye kikaango kidogo, mayai mawili yanakorogwa na kumwagiwa juu, yanatambaa katikati ya viazi, yanaganda, kisha kitu kizima kinapinduliwa kwa sahani. Ataelewa jina bila kuelezwa. Aombe na kachumbari.

Limebaki moja, "karibu tule". Akipita barazani kwa watu akaambiwa hivyo, ajibu "asante, nimetoka kula sasa hivi", hata kama tumbo linanguruma, na wao watafurahi kwamba amejibu vizuri. Hiyo ni salamu. Lakini kwangu mimi hakuna cha salamu. Nikisema karibu tule, anawe mikono akae, nimeshampakulia.

Mama yako