Uzamili kwa mwalimu wa shule ya msingi: swali litoke darasani kwako

"Watoto hawasomi" si swali la utafiti. Ni lalamiko, na hakuna ofisi ya walimu isiyokuwa nalo. Mwalimu wa shule ya msingi anayeanza shahada ya uzamili hana kazi ngumu kuliko hii ya mwanzo: kulichonga lalamiko mpaka liweze kuhesabika. Watoto gani? Wanakwama wapi? Nikibadili kitu kimoja, nitajuaje kama kimesaidia? Swali linalofaa huwa dogo kiasi cha kutia aibu. Kwa mfano: je, wanafunzi wanane wanaosoma chini ya maneno 50 sahihi kwa dakika wataongeza kasi wakirudia kifungu kimoja kwa sauti mara tatu, dakika 10 kila siku, kwa wiki sita?

Utaratibu huu huitwa utafiti-tendaji. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, aliueleza mwaka 1946 kama mzunguko: panga, tenda, chunguza kilichotokea, kisha panga upya. Wengi husahau hilo la mwisho, wakafanya duru moja na kuandika tasnifu.

Tuendelee na mfano wa kusoma, kwa sababu vipimo vyake ni rahisi na havihitaji vifaa. Chukua kifungu ambacho mtoto hajawahi kukiona. Akae karibu nawe, mbali kidogo na wenzake, asome kwa sauti dakika moja huku nakala yako ikiwa mkononi. Neno alilokosea au kuliruka lipige mkwaju. Akijisahihisha mwenyewe ndani ya sekunde tatu, lihesabu kuwa sahihi. Zikipita sekunde tatu akiwa amekwama, mtajie neno na ulihesabu kosa. Aliyefika neno la 52 akiwa na makosa 7 ana maneno 45 sahihi. Mpe vifungu vitatu, uchukue alama ya katikati, maana kifungu kimoja kinaweza kuwa chepesi kwake kwa sababu tu anaijua habari yenyewe. Kwa watoto wanane tenga kama dakika 40.

Kabla ya kwenda mbali, gawanya 45 kwa 52. Unapata karibu asilimia 87. Kwa viwango vilivyowekwa na Marie Clay, mtafiti wa usomaji wa watoto kutoka New Zealand, usahihi wa chini ya asilimia 90 maana yake maandishi ni magumu mno kwa msomaji huyo. 90 hadi 94 yanafaa kufundishia. 95 na kuendelea anaweza kuyasoma peke yake. Kwa hiyo tatizo la mtoto huyu huenda si kasi. Ni kifungu ulichompa. Swali zima la utafiti linaweza kubadilika hapo, na afadhali libadilike wiki ya kwanza kuliko wiki ya sita.

Sasa mitego. Ulio mkubwa haumo katika ufundishaji bali katika namna ulivyowachagua watoto. Ukiwapima wote siku moja na kuwachukua wa chini kabisa, baadhi yao wamo humo kwa sababu siku hiyo walikuwa na usingizi au homa. Ukiwapima tena watapanda hata kama hukufanya lolote, nawe utajipongeza bure. Dawa yake ni kupima mara tatu katika siku tofauti kabla ya kuanza. Ukiweza, anza na watoto wanne, na wanne waliobaki waanze wiki tatu baadaye. Kundi la kwanza likipanda na la pili likabaki pale pale mpaka zamu yake ifike, hapo una la kusema.

Mtego mwingine ni kupima kwa kifungu kilekile walichokifanyia mazoezi. Hicho ni kipimo cha kukariri. Kuna pia kubadili mambo mawili kwa pamoja: mwalimu anaanzisha marudio ya kusoma, na wiki hiyo hiyo anapanga upya viti. Na kuna sikio la mwalimu, linalotamani mtoto apatie. Warekodi, mwombe mwenzako asahihishe rekodi moja kati ya kila tano bila kuona alama zako, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwa neno moja au mawili si neno. Mkitofautiana kwa kumi, kanuni zenu za kuhesabu kosa hazijaeleweka.

Kuhusu wastani, nauonea mashaka makubwa katika vikundi vidogo. Tuseme watoto wanane wameongeza maneno 2, 2, 3, 3, 4, 4, 5 na 25. Wastani ni 6, ingawa saba kati yao hawakufika 6. Chora mstari wa kila mtoto peke yake, na siku alizokosa shule uziandike chini ya mstari wake. Aliyepanda kwa 25 anastahili mazungumzo marefu kuliko jedwali lolote: alifanya nini nyumbani, na nani alimsaidia?

Ridhaa huwachelewesha wengi kwa sababu huiacha mpaka mwisho. Kwa kawaida chuo hakiruhusu kutumia data iliyokusanywa kabla ya kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kufanya utafiti na watu, kutolewa, hivyo vipimo vya mapema, hata viwe safi namna gani, vinaweza kupotea. Unahitaji idhini ya mkuu wa shule, saini ya mzazi, na kukubali kwa mtoto mwenyewe kwa lugha anayoielewa. Wewe ndiye unayempa mtoto alama, basi kukukatalia ni vigumu. Fomu zikusanywe na mtu mwingine. Eleza wazi kwamba somo ni la wote, na kinachoombwa ni ruhusa ya kutumia alama zake katika utafiti. Majina ya bandia pekee hayatoshi. Ukiandika "mvulana anayetumia kiti cha magurudumu" na darasani yuko mmoja tu, umemtaja.

Upande wa chuo, kabla ya kujiandikisha uliza mambo mawili: je, tasnifu inaweza kufanyika katika darasa unalofundisha, na nani ataisimamia? Msimamizi ambaye hajawahi kukaa na watoto wa miaka saba atakupendekezea hojaji ya maswali 30. Ukusanyaji wa data usiuweke wiki za kufungua shule wala za mitihani. Unaposoma makala za kitaalamu, anza na sehemu ya mbinu, uandike mistari minne: watoto wa umri gani, wangapi, walifanyiwa nini kwa muda gani, walipimwaje. Makala isiyojibu hayo manne usiifanye nguzo ya kazi yako.

Asiye na uhakika kama anataka njia hii anaweza kuijaribu kabla ya kulipa ada. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja hivi baada ya kuuliza. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitokeza kujibu. Rekodi dakika 15 za somo lako, pima sekunde baada ya kila swali, hesabu ni watoto wangapi tofauti walijibu. Wiki inayofuata hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo kabla ya kumtaja yeyote, kisha urekodi tena. Ukimya huo huonekana mrefu sana mwanzoni, nao ndio unaowashinda wengi.

Sambamba na vipimo, weka daftari lenye safu mbili. Kushoto andika ulichokiona: "Amefuta jibu mara nne, akafunika daftari." Kulia andika unavyokifikiria: "Mvivu? Anaogopa kukosea?" Jaza siku hiyo hiyo, kabla hujatoka shuleni, maana ukisubiri mpaka Jumamosi safu ya kulia itakuwa imeshaimeza ya kushoto.