Kabla ya kipimo cha mzio, mtoto aache pampu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 7, ana pumu. Tumeambiwa apimwe kwenye ngozi kama ana mzio wa vidudu vya vumbi. Anatumia pampu, na setirizini kwa ajili ya mafua. Aache dawa zote? Na akikutwa nao, nitupe mito yetu ya sufi? Mama, Makorora, Tanga.

JIBU: Marahaba, mama. Pampu asiache hata siku moja. Haiharibu kipimo, na mtoto akifika amebanwa kifua hapimwi, anapangiwa tarehe nyingine. Inayoharibu ni setirizini, maana inazuia ule uvimbe unaotafutwa. Ongea na daktari wake aisimamishe siku 7 kabla. Chunguza pia dawa za mafua za dukani. Nyingi zina klofeniramini, nayo inazuia vilevile.

Atawekewa matone ya vitu vinavyoshukiwa mkononi, pamoja na mawili ya kulinganishia, kila tone lichomwe juujuu bila kutoa damu. Tone la histamini, kemikali inayoleta uvimbe wa mzio, lazima livimbe. La maji ya chumvi halitakiwi kuvimba. La histamini lisipovimba, majibu ya "hana mzio" usiyapokee. Baada ya dakika 15 hadi 20 vivimbe vinapimwa kwa rula, na kinachozidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi kinahesabiwa. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo mpimaji mzuri hupapasa kwa kidole.

Uliza kama kuna tone la Blomia tropicalis. Kidudu hiki ni cha nchi za joto na unyevu kama pwani yetu, na mtoto anaweza kuvimba kwa hicho asivimbe kwa Dermatophagoides, kidudu kingine cha vumbi kinachopimwa zaidi Ulaya. Apimwe pia mzio wa mende.

Akivimba, bado hatujamaliza. Wapo watoto wanaovimba na vumbi halijawahi kuwabana. Mimi ningekuuliza: anakohoa zaidi akiwa kitandani? Ukikung'uta shuka anapiga chafya? Kama ndiyo, majibu yana uzito.

Mito usitupe kwanza. Kuanika juani kunasaidia kukausha na kuua vidudu, ila kinyesi chao, ambacho ndicho hasa kinachochokoza, kinabaki ndani ya sufi. Ivalishe foronya nzito zilizofumwa kwa kubana, na shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60. Hata ukifanya hayo yote, pampu ya kinga inaendelea mpaka daktari wake aseme vingine.