Mafuta ya samaki kwa mgonjwa wa moyo: geuza kopo usome nyuma

Kuna dada kaniandikia inbox, mama yake moyo umepanuka, muuzaji kamwambia ameze omega 3, yaani mafuta ya samaki, vidonge vinne kila siku mapigo yatatulia. Nikaona niandike kabisa, maana baba yangu ana moyo kushindwa kufanya kazi na juzi kliniki daktari kamsifia, na sifa nachukua mimi, dawa zake nazipanga mimi.

Alipoanza kuvimba miguu, baba mdogo akaja na kopo kubwa kutoka Dubai, mbele limeandikwa miligramu 1000. Nikaligeuza, kwa herufi za kusoma kwa tochi: EPA 180, DHA 120. Hizo mbili ndizo omega yenyewe, jumla 300, kilichobaki mafuta mengine tu. Nikasema hamezi mpaka daktari aone. Weee! Nikaambiwa namnyima kaka yake dawa kisa nimesoma soma. Sijasahau.

Waitaliano walishalipima hili, utafiti wa GISSI-HF, 2008, wagonjwa karibu 7,000 wa moyo kushindwa, wengine wakapewa gramu 1 ya omega kwa siku. Kwa karibu miaka minne walikufa 27% upande wa omega, 29% upande wa kidonge kisicho na dawa. Faida ipo ila kiduchu, na walikuwa wanaendelea na dawa zao zote. Jamani msiache carvedilol, dawa ya moyo, mkakimbilia samaki!

Balaa ni dozi kubwa. Kwenye tafiti nyingine mbili, REDUCE-IT na STRENGTH, watu walipewa gramu 4 kwa siku, etria fibrileshoni ikaongezeka, ile vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo badala ya kupiga, na 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa onyo. Kwahiyo dada, vinne vya kopo la baba mdogo ni gramu 1 na ushee, vinne vya aina kali vinapita gramu 3. Ndo maana nasema someni!

Mshike mama kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima, mapigo yakirukaruka bila mpangilio dai ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kama yuko kwenye warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, daktari ajue kila kidonge.

Samaki ale, vibua, dagaa wabichi, sawa. Ng'onda hapana, chumvi ile inarudisha maji mwilini na usiku atabanwa pumzi. Baba kaninunia kwa hilo mpaka leo, na anune tu.