Maswali ya wasafiri: Usiku mmoja katika jiji usilolijua

Barua nyingi tulizopokea kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: nikilazimika kulala usiku mmoja Dar es Salaam au nchi ya watu kabla ya kuendelea na safari, nilale wapi, kwa shilingi ngapi, na nisije nikaibiwa wala kuachwa? Tumechagua barua tano.

Shikamooni wahariri. Natoka Makambako. Ndege yangu ya kwenda nje inaondoka Dar siku ya Alhamisi, tiketi imeandikwa 04:50. Nimekata basi la Jumatano saa mbili asubuhi. Rafiki yangu ananiambia nikishuka Mbezi nichukue gesti palepale stendi, nilale, kisha niamkie uwanjani. Ni sawa?

Marahaba, ndugu yetu. Rafiki yako anakutakia mema, lakini mpango wake unaweza kukukosesha ndege. Anza na saa ya kuruka, halafu rudi nyuma. 04:50 ni saa kumi na dakika hamsini alfajiri. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufunguliwa saa tatu nzima kabla ya ndege kuruka, na mashirika mengi huzifunga ikibaki saa moja. Kwa hiyo unatakiwa uwe Terminal 3, jengo la safari za nje, kwenye saa nane usiku. Ukitokea saa kumi alfajiri, kaunta imeshafungwa.

Sasa tazama basi. Makambako hadi Mbezi ni kama kilomita 650. Sheria hairuhusu basi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Hata barabara ingekuwa nyeupe, hizo ni saa nane na ushee. Ongeza mizani ya njiani, chakula, matuta ya Mikumi, na foleni ya kuanzia Mlandizi kuja mjini, na saa kumi na mbili zimekwisha. Mambo yakienda vizuri utashuka Mbezi saa mbili usiku. Lori moja likilala Kitonga, ongeza saa mbili, tatu au zaidi, kwa sababu mlima ule hauna pa kuchepukia. Ndiyo maana hatumshauri mtu yeyote wa nyanda za juu kuunganisha basi la mchana na ndege ya alfajiri inayofuata.

Hata basi likiwahi, chumba cha Mbezi hakikufai. Utakilipia usiku mzima, utalala kwa saa tatu tu, kisha saa sita na nusu usiku utaanza kutafuta usafiri na mabegi yako katika mtaa usioujua. Kanuni tunayoishikilia ni hii: lala karibu na unakoondokea, si pale uliposhukia.

Badili tiketi ya basi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, unaweza kupanda la Jumanne jioni ukaingia Dar Jumatano asubuhi. Hata likichelewa saa sita, bado una siku nzima mkononi. Ukikata tiketi uliza basi linaishia wapi, maana mengine hupita Stendi ya Magufuli, ndiyo hiyo ya Mbezi, na kuendelea hadi kwenye ofisi zao upande wa Ubungo na Shekilango. Kutoka Mbezi huna haja ya kuzungukia Ubungo na Tazara. Iko barabara ya lami inayopita Malamba Mawili na Kinyerezi na kutokea Banana, na Banana ni jirani na uwanja wa ndege. Tafuta chumba maeneo hayo, Banana, Kipawa au Ukonga, jua likiwa bado juu. Gesti ya kawaida yenye choo ndani mara nyingi huwa kati ya shilingi 25,000 na 50,000. Kiyoyozi huongeza bei, na kwa mtu wa baridi feni nzuri inatosha.

Usilipe kabla hujaingia chumbani. Funga mlango kwa ndani uone komeo linashika. Tazama nondo za dirisha, kisha fungua bomba, na uwashe feni uiache izunguke dakika mbili. Chandarua kishushe chote ukikague, kwani mtu wa Makambako au Makete hakuzoea kulala na mbu, na Dar malaria ipo. Kisha zungumzeni saa. Gesti nyingi huhesabu siku hadi saa nne asubuhi, kwa hiyo anayeingia Jumatano saa tano asubuhi na kutoka usiku huohuo hapaswi kulipishwa siku mbili. Mkubaliane hivyo mapema, na risiti iandikwe saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kitabu cha wageni kijaze bila wasiwasi, ni utaratibu wa kisheria. Namba ya kitambulisho waandike, ila pasipoti usimwachie mtu wa mapokezi hata kwa dakika tano.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni geti. Gesti nyingi hufunga geti usiku na mlinzi akasinzia. Mwambie mhudumu, kisha mwambie mlinzi mwenyewe kwa mdomo wako, kwamba saa saba na nusu unatoka. Usafiri nao uupange mchana. Fungua programu ya teksi kwenye simu uone bei ya kwenda Terminal 3, na hata ukiamua kuchukua dereva anayejulikana na gesti, bei ile ndiyo mwisho wako. Kabla ya kupanda, piga picha namba ya gari uitume nyumbani.

Tiketi yangu imeandikwa 00:35, tarehe 15. Niende uwanjani usiku wa tarehe ngapi? Natoka Iringa mjini.

Usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani tarehe 14 saa tatu na nusu usiku uwe umeshafika uwanjani. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo saa sita na nusu ya usiku tunaiona bado ni ya siku iliyopita. Tiketi inabadilisha tarehe saa sita kamili usiku. Watu wamekwenda uwanjani tarehe 15 usiku na kukuta ndege iliondoka jana yake, na tiketi ya namna hiyo mara nyingi hairudishiwi hela. Chumba nacho kihesabu vivyo hivyo: unalala usiku wa kuamkia tarehe 14, na tarehe 14 mchana unapumzika. Ukiona alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika, maana yake unafika siku inayofuata.

Mimi ni mama wa Tukuyu. Binti yangu anakwenda chuo Zanzibar kwa mara ya kwanza, peke yake. Tuna jirani wa zamani anayeishi Mbagala, amesema binti alale kwake halafu asubuhi apande boti. Nina mashaka.

Mama, mashaka yako yana msingi, ingawa jirani hana kosa. Tatizo ni ramani. Basi linamshusha Mbezi, magharibi mwa jiji kwenye barabara ya Morogoro. Mbagala iko kusini, barabara ya Kilwa. Boti ziko Posta, karibu na Kivukoni. Binti atavuka jiji usiku akiwa na mabegi, kisha alfajiri alivuke tena. Mpango huo unafaa tu ikiwa jirani mwenyewe atakuja kumpokea Mbezi, na kesho yake amsindikize hadi bandarini. Kumwelekeza kwa simu, "panda hili, shuka pale, uliza duka la fulani," hakutoshi.

Lililo bora ni asilale Dar kabisa. Apande basi la usiku kutoka Mbeya, aingie Mbezi asubuhi, aende Posta mchana kweupe na kupanda boti ya mchana. Boti ni zaidi ya moja kwa siku, hakuna ulazima wa kuwahi ile ya kwanza. Tiketi aikate kwenye dirisha la kampuni yenyewe, si kwa vishoka wanaomzonga mtu kabla hajafika getini. Awe na kitambulisho mkononi, tiketi hutolewa kwa jina.

Akilazimika kulala, hosteli za makanisa ndizo tunazomshauria msichana anayesafiri peke yake: zina mapokezi yenye mtu na geti lenye mlinzi, na bei huwa chini ya hoteli za katikati ya mji. Luther House ipo barabara ya Sokoine, karibu na Kanisa la Azania Front, na kutoka hapo bandari ya boti ni mwendo wa miguu. Kituo cha Msimbazi kipo Ilala. Mpigie simu mapokezi siku kadhaa kabla na uwekeshe chumba kwa jina la binti, kwa sababu hujaa vyuo vinapofungua. Akikutana na mtu mtandaoni anayemtaka atume "advansi" kwenye namba binafsi ya simu ili kumshikia chumba, asitume.

Nafanya biashara ya parachichi, Njombe. Nakwenda Guangzhou kutazama mashine za kufungashia. Ndege yangu inasubiri Addis Ababa kwa muda wa saa 14. Je, hoteli nijilipie? Mizigo nitaichukua? Nahitaji nini kingine?

Kwanza angalia kama safari yote iko kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya kumbukumbu. Hapo ndipo kila kitu kinaamuliwa. Ikiwa ni tiketi moja ya Ethiopian Airlines, na kusubiri huko ni kwa sababu hakuna ndege ya mapema zaidi ya kukuunganisha, shirika lina utaratibu wa kumpa msafiri wa namna yako hoteli, chakula na gari la kumpeleka na kumrudisha. Ikiwa ndege ya mapema ilikuwepo nawe ukachagua ya baadaye kwa ajili ya bei, usiitegemee. Nenda kwa wakala aliyekuuzia tiketi, mwambie aombe hoteli hiyo iandikwe kwenye tiketi kabla hujaondoka, na akupe karatasi au ujumbe unaoonyesha hivyo. Swali la viza ya kutoka nje ya uwanja muulize hapohapo, ajibu kwa maandishi.

Ikiwa ni tiketi mbili ulizounganisha mwenyewe ili kubana matumizi, hesabu inabadilika. Mizigo utaichukua Addis na kuikabidhi upya, ambako ni kuingia nchini kwa viza. Hoteli ni yako, na ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, hakuna anayewajibika. Nafuu ya bei ya tiketi huishia hapo. Kwa safari ya biashara tungechukua tiketi moja.

Pale kaunta ya Dar, usiondoke kabla hujasoma karatasi inayofungwa kwenye begi. Herufi kubwa za mwisho ziwe CAN, ndiyo Guangzhou. Zikiwa ADD, begi linaishia Addis. Likipita moja kwa moja hutaliona usiku huo, basi kwenye begi la mkononi weka dawa zako, shati na nguo ya ndani ya kubadilisha, mswaki, chaja na sweta. Addis iko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni baridi kama ya kwenu. Soketi za kule ni za pini mbili za duara, chaja yako ya pini tatu itahitaji adapta. Powerbank haiendi kwenye begi la kukabidhi, ni ya mkononi tu, na isizidi wati-saa 100, ambazo ni kama mAh 27,000. Asali ya zawadi nayo, chupa ikizidi mililita 100, iwe kwenye begi la kukabidhi, la sivyo itabaki kwenye ukaguzi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano wengi huipuuza, na kwako ndiyo yenye uzito kuliko yote. Nchi nyingi, na Tanzania ni mojawapo, huidai kadi hiyo kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na hata kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi hiyo akisubiri kuunganisha. Ethiopia imo, na Kenya imo. Saa zako 14 zimevuka mstari. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kisha ni ya maisha. Ukichomwa wiki ya safari, kadi unayo na bado haikusaidii.

Kuhusu saa: Addis wana saa ileile ya Tanzania, na wao pia huhesabu kuanzia alfajiri kama sisi. Hii hutuchanganya kwa namna ya kipekee, kwa sababu dereva anaweza kukuambia saa mbili kwa Kiingereza akiwa na maana ya saa mbili yetu, wewe ukidhani anasema ya kizungu. Gari la kukurudisha uwanjani mwandikie kwa tarakimu, mfano 20:00, akuonyeshe kwamba ameelewa. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano.

Mimi ni mwanafunzi, Mafinga. Sina hela ya gesti. Kulala stendi ya Mbezi hadi asubuhi kuna hatari gani?

Ikiwa zimebaki saa nne au tano kupambazuke, kukaa ndani ya jengo la abiria, penye taa na watu wanaosubiri mabasi, ni salama kuliko kutoka nje usiku kutafuta chumba cha bei ya chini na mpiga debe uliyekutana naye dakika hiyo. Hatari kubwa ni usingizi. Begi kubwa liweke katikati ya miguu na mkanda wake uuzungushie mguuni. Simu na hela za nauli zikae mfuko wa mbele ndani ya nguo, na shilingi elfu chache ziwe mahali pengine ili usifungue fungu lote mbele za watu ukinunua maji. Kinywaji au biskuti za mtu usiyemjua kataa kwa adabu, hata akiwa mama mtu mzima mwenye lafudhi ya kwenu, kwani wizi wa kuleweshwa huanzia hapo. Chaji simu ndani ya basi kabla hujashuka, kwa kuwa simu iliyozima saa tisa usiku haikusaidii kumpigia mwenyeji wako.

Basi likifika saa nne usiku, hesabu nyingine: una saa nane za kukaa macho, na hilo halifai. Panda linaloondoka Mafinga jioni zaidi.